Kinoo Hutia Makali, Hakiondoi Maradhi: Lijue Jiwe la Kunolea Wembe wa Nyumbani Kwako



Ndugu msomaji, katika safu yetu ya afya na usafi leo tutazungumzia kitu ambacho kimo katika nyumba zetu nyingi lakini hakizungumzwi: jiwe la kunolea, yaani kinoo. Katika nyumba nyingi za mkoa wetu wa Singida utalikuta jiwe hilo mlangoni, chini ya mti au pembeni ya jiko. Jiwe hilo hilo hunolewa jembe la shamba la alizeti, kisu cha kuchinjia, na, kwa bahati mbaya, wembe wa kunyolea. Akija jirani kuazima jiwe, anapewa. Akija na wembe wake uliotoka kunyoa watoto watatu, ananoa, anashukuru, anaondoka. Hakuna aliyeona ubaya, kwa sababu jiwe ni jiwe tu.

Makala hii ina mambo mawili. La kwanza ni namna ya kulitambua jiwe la asili linalofaa kwa wembe, maana si kila jiwe linafaa. La pili, na ndilo kubwa, ni kuelewa kuwa jiwe huufanya wembe uwe mkali tu; usafi ni kazi nyingine kabisa. Wembe unaweza kuwa mkali mno na ukawa umebeba maradhi.

Makali ni sehemu ya dini yetu

Tuanze na msingi. Uislamu umetufundisha mambo ya fitra: kutahiri, kunyoa nywele za sehemu za siri, kuondoa za kwapani, kupunguza masharubu na kukata kucha. Imepokewa kutoka kwa Anas (RA) kuwa haifai kuyaacha mambo ya kunyoa na kukata kucha yakapita siku arubaini. Mtoto naye hunyolewa siku ya saba, siku ya akika. Na mwenye kwenda Hija au Umra hunyoa au hupunguza nywele. Kwa hiyo nyumba ya Muislamu haikosi wembe.

Kuhusu jiwe lenyewe, katika Sahihi Muslim tunapata habari kwamba Mtume (SAW), alipotaka kuchinja kondoo wa udhiya, alimwambia Mama Aisha (RA) alete kisu, kisha akamwamrisha akinoe kwa jiwe. Na katika kitabu hicho hicho imepokewa kutoka kwa Shaddad bin Aws (RA) amri ya kufanya wema katika kila jambo, hata katika kuchinja, na kwamba mchinjaji anoe kisu chake ili mnyama apumzike. Ikiwa mnyama amepewa haki ya kisu kikali, basi ngozi ya mwanao haistahiki wembe butu. Wembe butu huvuta nywele, hukwaruza ngozi na kuacha vidonda vidogo visivyoonekana, na hapo ndipo vijidudu hupata mlango.

Jiwe gani linafaa?

Wembe si jembe. Unywele wa binadamu una unene wa takriban mikroni 50 hadi 100, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Makali ya wembe ulionolewa vizuri ni membamba kuliko mikroni moja. Kwa hiyo jiwe la kumalizia wembe lazima liwe na chembe ndogo sana, zisizoonekana kwa macho, na chembe hizo ziwe ngumu kiasi cha kula chuma.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Singida tumezungukwa na majabali. Ukisimama karibu na Ziwa Singida au Ziwa Kindai unayaona yamepandana kila upande. Mengi ya majabali hayo ni jiwe la itale, lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ni jiwe gumu na zuri kwa jembe, shoka na panga. Lakini litazame kwa karibu: utaona chembe nyeupe, za kijivu na nyeusi, kila moja na ukubwa wake, na vipande vya ulanga vinavyong'aa. Chembe ya milimita mbili ni mikroni 2,000. Ukiupitisha wembe juu yake, makali yanang'oka vipande vipande kama meno ya msumeno. Utauona unakata, lakini unakata kwa kukwaruza.

Duniani mawe mazuri ya wembe yanajulikana kwa majina. Ubelgiji, katika eneo la Vielsalm, huchimbwa jiwe la rangi ya manjano liitwalo Coticule, ambalo ndani yake mna chembe ndogo ngumu za ganeti. Huko Arkansas, Marekani, lipo jiwe jeupe au jeusi lililoshikamana sana, linalotumiwa na mafuta. Wajapani wana mawe yao kutoka milima ya karibu na Kyoto. Yanatofautiana rangi na asili, lakini sifa zao ni zile zile: chembe ndogo sana, zinazolingana, ngumu, bila mishipa wala mchanga ndani yake.

Wewe uliyeko Iramba, Ikungi, Mkalama au Manyoni huhitaji kuyajua majina hayo. Unachohitaji ni kulipima jiwe ulilonalo, au utakaloliokota korongoni. Vipimo ni hivi:

1. Macho. Lioshe jiwe, likauke, kisha litazame juani. Ukiona chembe moja moja, mishipa myeupe au ulanga unaometa, hilo si la wembe. Linalofaa huwa na rangi moja na uso kama wa sabuni iliyokauka.

2. Ukucha. Pitisha ukucha juu ya uso wake. Ukikwaruzwa kama na msasa, liache kwa ajili ya jembe. Linalofaa huteleza, lakini kwa mbali unahisi linashika.

3. Ndimu. Dondosha matone ya ndimu au siki. Likitoa mapovu, hilo ni jiwe la chokaa. Chokaa ni laini kuliko chuma, haliwezi kutia makali hata likiwa laini namna gani.

4. Chuma. Chora juu yake kwa ncha ya kisu kikuukuu. Ikibaki alama nyeusi ya chuma, jiwe limekula kisu, nayo ni dalili njema. Jiwe likichimbika na kutoa unga, ni laini mno.

5. Maji. Mwagia maji kidogo. Yakinywewa upesi, jiwe lina vitundu vingi. Yakibaki juu, limeshikamana. Kipimo hiki kishike sana, tutakirudia, kwa sababu jiwe linalonywa maji hunywa na damu.

6. Sauti. Ligonge kwa kijiwe kidogo. Likilia kwa sauti safi ni zima. Likilia kama chungu kilichopasuka, lina ufa ndani.

Mawe yanayofaulu mara nyingi ni yale ya tabaka, meusi au ya kijivu, yanayofanana na vibao vya kuandikia vya shule za zamani. Mawe ya mchanga, hata yakiwa mazuri kwa kisu, huanguka katika kipimo cha maji. Ukikosa jiwe linalofaulu, usilazimishe. Nunua jiwe la kiwandani na uangalie namba yake: namba 1000 ni la kurudisha makali yaliyopotea, na namba 8000 na kuendelea ni la kumalizia wembe. Mengi ya yale ya bei nafuu dukani ni ya kisu na jembe tu.

Tahadhari mbili kabla hujaenda kuokota. Usichukue jiwe mahali wachimbaji wadogo wanaposafishia dhahabu kwa zebaki. Zebaki ni sumu ya ubongo na figo, na hatari yake ni kubwa zaidi kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Pili, ukitaka kulisawazisha jiwe lako, lisugue kwa maji juu ya msasa au kioo chenye mchanga laini. Usilisugue likiwa kavu. Vumbi la mawe yenye kwatsi likivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika hivyo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi.

Namna ya kunoa

Lioshe jiwe, liweke juu ya kitambaa kilicholowa ili lisiteleze, na ulimwagie maji safi. Ulaze wembe wako wa mpini ubapa kabisa, mgongo na makali yote mawili yakigusa jiwe. Usiinue mgongo. Sukuma makali yakiwa mbele, kwa uzito wa mkono tu, bila kukandamiza. Ukifika mwisho, ugeuze wembe kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake, si juu ya makali, kisha urudi. Maji yakiwa meusi, yaoshe, uweke mengine. Makali yakilingana, hamia kwenye ukanda wa ngozi, na hapo unabadili mwendo: mgongo uwe mbele, makali yafuate nyuma. Ukienda makali mbele utaukata ukanda na kuharibu wembe.

Usijaribu makali kwa kidole gumba. Kidole kikikatika, damu yako imebaki kwenye wembe na jiwe. Jaribu kwa unywele wa mkononi mwako mwenyewe.

Na mate je? Wapo wanaotemea jiwe mate badala ya maji. Desturi hii ni ya kale sana. Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79, ametaja katika kitabu chake mawe ya kunolea yanayotumiwa na mafuta, mengine na maji, na mengine kutoka Hispania yaliyokuwa yakitumiwa na vinyozi kwa mate. Ukale wake hauifanyi kuwa salama. Mate hubeba vijidudu, na kinywa chenye kidonda au fizi zinazotoka damu hubeba zaidi. Maji yapo, tumia maji.

Jiwe moja, nyembe kumi

Sasa tufike kwenye kiini. Unaponoa wembe wenye damu, hata ile isiyoonekana kwa macho, damu hiyo inachanganyika na maji na unga wa chuma, na inaingia katika vitundu vya jiwe. Wembe wa pili unapokuja, unapitishwa hapo hapo. Kwa njia hiyo watu wawili wasiojuana, kila mmoja na wembe wake, wanaweza kuchangia damu kupitia jiwe.

Maradhi tunayoyahofia ni haya. Kwanza homa ya ini aina ya B. Kirusi chake huweza kuishi nje ya mwili, katika damu iliyokauka, kwa siku 7 au zaidi. Kwa hiyo damu ya Ijumaa hii bado ni hatari Alhamisi ijayo. Ipo pia homa ya ini aina ya C, ambayo nayo huenezwa kwa damu. Pili ni virusi vya Ukimwi. Hivi hudhoofika upesi vikiwa nje ya mwili, lakini wembe unaotoka kichwa hiki kwenda kichwa kile kwa dakika chache haupaswi kuaminiwa. Tatu ni pepopunda, ambayo mbegu za vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi. Fikiria jiwe lililonoa jembe asubuhi na wembe jioni. Nne ni mapunye na majipu ya ngozi, ambayo tunayaona kwa watoto wa madrasa walionyolewa pamoja kwa wembe mmoja.

Kwa sababu hiyo, nyumba iwe na mawe matatu. La kwanza la jembe na panga. Hapo itale ya Singida inatosha. La pili la visu vya jikoni na vya kuchinjia. La tatu la wembe, lihifadhiwe ndani, lifunikwe, lisiazimwe. Mnyima jirani jiwe si bakhili ikiwa amemkinga na maradhi. Mpe lile la kisu anolee kisu.

Utaratibu wa kusafisha

Ndugu msomaji, shika mpango huu: osha, takasa, noa, osha, takasa.

Kwanza, kabla wembe haujagusa jiwe, uoshe kwa maji na sabuni mpaka damu, nywele na mafuta vitoke. Kisha utakase: utumbukize dakika 10 katika mchanganyiko wa Jik. Soma kibandiko, ikiwa ni ya asilimia 3.5, changanya sehemu 1 ya Jik na sehemu 6 za maji. Usizidishe muda, chuma kitaliwa na kutu. Suuza kwa maji safi, kausha. Sasa noa. Ukimaliza, osha na kutakasa tena, kausha, upake mafuta kidogo. Kamwe usichanganye Jik na ndimu au siki, kwani hutoa hewa yenye sumu. Kama umelipima jiwe kwa ndimu, lisuuze vizuri kwanza.

Kwa nini tutakase kabla ya kunoa? Kwa sababu jiwe na ukanda wa ngozi haviwezi kutakaswa kikamilifu. Vina vitundu, na dawa haifiki ndani kote. Jiwe lisugue kwa brashi na sabuni, lisuuze na ulianike juani, lakini usijidanganye kuwa limekuwa kama vyombo vya hospitali. Kinga yake ni kutoruhusu damu ilifikie.

Kuchemsha kunafaa kwa wembe usio na mpini wa mti au plastiki: dakika 20 tangu maji yaanze kutokota. Lakini kuchemsha hakuui mbegu za pepopunda. Hizo zinahitaji mvuke wa mgandamizo wa nyuzi 121, ule wa hospitali. Kupitisha wembe kwenye moto wa kibiriti hakutoshi, na kuufuta haraka kwa spiriti hakutoshi.

Wengine watasema: Sisi tunaufuta kwa kitambaa, unang'aa, umetahirika. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo imeenea kwetu, najisi ya damu kwenye chuma huondolewa kwa maji, kufuta peke yake hakutoshi. Tazama basi jinsi fiqhi ilivyotutangulia. Na sisi matabibu tunaongeza: baada ya maji, bado kuna kisichoonekana.

Mahali ambapo wembe wa kunolewa haufai kabisa

Yapo mambo ambayo hata ukiwa na jiwe bora, usitumie wembe wa kunoa.

Mtoto wa siku saba. Utosi wake ni laini na kitovu chake huenda hakijapona. Mnyoe kwa wembe mpya uliofunguliwa hapo hapo, mikono ikiwa imeoshwa, kisha wembe huo utupwe. Bei yake ni ndogo kuliko ya kitu chochote kitakacholiwa siku ya akika.

Kuumika, yaani hijama. Hapa ngozi inachanjwa makusudi. Kila mtu na wembe wake mpya, na vikombe vilivyotakaswa. Anayetembea na wembe mmoja na kijiwe mfukoni, mwepuke.

Tohara ya wavulana. Ipelekwe hospitali au kituo cha afya. Jiwe la ngariba halina nafasi tena katika sunna hii.

Na kwa watoto wa kike, hakuna wembe wowote, mkali wala butu, mpya wala wa zamani. Hapa kwetu Singida na jirani zetu wa Dodoma wapo waliokuwa wakiwakata watoto wachanga wakidai kuponya lawalawa. Muwasho na uambukizo wa sehemu za siri hutibiwa kwa usafi na dawa zahanati. Kukata hakutibu chochote, huleta damu, uambukizo na matatizo ya uzazi, na kwa walio chini ya miaka 18 ni kosa la jinai kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998.

Na zile nyembe za kutupa ambazo baadhi yetu huzirudishia makali kwa kuzisugua ndani ya glasi? Kama ni wako peke yako, shauri yako na kidevu chako. Kama ni wa nyumba nzima, acha. Baba na wanawe wana ukoo mmoja, lakini kila mmoja na damu yake.

Ukikatwa na wembe wa mtu mwingine

Osha kidonda mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikikamue wala kukipaka majivu. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanzwa haraka iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 72. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini B. Watoto wetu hupata chanjo ya homa ya ini B katika chanjo za utotoni tangu mwaka 2002. Wewe uliyezaliwa kabla ya hapo huenda hukuipata, kwa hiyo usione haya kuuliza.

Wembe uliokwisha utie ndani ya kopo lenye kifuniko, kisha utupwe chooni, usitupwe jalalani wanapocheza watoto. Wahenga walisema mchezea wembe humkata mwenyewe, lakini jalalani humkata asiyeuchezea.

Ndugu msomaji, leo ukimaliza kusoma, toka nje ulitazame jiwe la nyumbani kwako. Lipime kwa ndimu na maji. Kama ni la jembe, libaki la jembe. Tafuta la wembe, liweke ndani, na uwaambie watoto kwa nini haliazimwi.

Allah (SW) atujaalie afya njema na atuwezeshe kuzitekeleza sunna za Mtume wetu (SAW) bila kudhuriana. Amin.

Wabillahi tawfiq.